Muhogo Una Saa Mbili: Utangulizi kwa Msomaji wa Mlima Kenya

Ikiwa unasoma ukiwa Nyeri, Karatina, Kerugoya au Chuka, huenda swali lako la kwanza ni hili: sisi watu wa chai na kahawa tuna haja gani na muhogo? Tunaukuta sokoni Karatina umerundikwa juu ya gunia, kando ya nduma na viazi vitamu. Tunanunua mizizi miwili mitatu, tunaichemsha, tunainywea chai, basi. Kwamba zao hilo linaweza kubeba viwanda vya taifa zima ni jambo linalotaka kuelezwa polepole, na hiyo ndiyo kazi ya utangulizi huu. Sitachukulia kwamba umesoma kemia wala uchumi. Kila neno la kitaalamu nitalifafanua mara ya kwanza linapojitokeza, na pale ambapo wanafunzi wangu hukwama nitasimama kidogo tuvuke pamoja.

Kabla ya mmea wenyewe, kuna mzigo wa historia tunaopaswa kuutua. Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mvua zilikosa na njaa kali ikaingia katika nchi ya Wagikuyu. Njaa zilipewa majina, na hii iliitwa Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo, kwa sababu muhogo ndio uliobaki kuliwa. Tangu hapo jina la zao likashikamana na jina la dhiki. Hadi leo mzazi wa Nyeri ataandaa muhogo kwa furaha jioni ya mvua, lakini mwanawe akimwambia anataka kuulima kama kazi ya maisha, atashtuka. Ukumbuke jambo moja: muhogo haukuleta njaa ile. Ulikuwa chakula kilichostahimili pale mahindi yaliposhindwa, na sifa hiyo ndiyo inayotuleta kwenye somo hili.

Ukitaka nikupe wazo moja la kutembea nalo kutoka hapa hadi mwisho, ni hili: kuotesha muhogo ni rahisi, kuuwahi ndiyo kazi. Mzizi una saa mbili ndani yake. Moja inakuharakisha, nyingine inakutaka usubiri. Yeyote anayejenga tasnia ya muhogo, awe mkulima wa nusu ekari au waziri wa kilimo, anajaribu kuzipatanisha saa hizo mbili.

Mmea wenyewe

Wataalamu huuita muhogo *Manihot esculenta*. Ni jamaa wa mbarika, ule mmea wa mafuta unaoota wenyewe kando ya njia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta Afrika katika karne ya 16. Leo nchi inayoongoza duniani kwa kuuzalisha ni Nigeria, na Thailand inajulikana kwa kuuza nje wanga na makopa, yaani vipande vya muhogo uliokaushwa.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba sehemu tunayokula ni mzizi uliovimba. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa hudhani muhogo na waru ni ndugu. Kiazi cha waru ni shina lililojificha ardhini, ndiyo maana kina macho, na ukikizika kinaota. Mzizi wa muhogo hauna macho. Ukiuzika unaoza. Ili kupata mmea mpya unakata shina la juu vipande vya sentimita 20 hadi 30, kila kimoja kikiwa na macho matano hadi saba, kisha unavipanda. Vipande hivyo huitwa pingili. Ukiacha mita moja kila upande, ekari moja itameza pingili 4,000 hivi.

Kutokana na tofauti hiyo ndogo yanazaliwa mambo makubwa matatu. Kwanza, mkulima anaweza kuuza mizizi yote na bado akabaki na mbegu, maana mbegu ni shina. Pili, pingili hubeba magonjwa ya mama yake, kwa hiyo ukiazima mbegu kwa jirani umeazima na ugonjwa wake. Tatu, mbegu ya muhogo huongezeka polepole. Gunzi moja la mahindi hutoa mamia ya punje, lakini mche mmoja wa muhogo hukupa pingili kama kumi kwa mwaka. Hesabu hiyo ya kumi uishike, tutaihitaji mbele.

Jambo la pili la msingi ni kwamba muhogo hauna siku ya kuvunwa. Mahindi yakikauka usipoyavuna yanaharibika. Kahawa ikiiva usipoichuma inaanguka. Muhogo uko tayari kuanzia miezi minane au tisa baada ya kupandwa katika sehemu zenye joto, na usipoung'oa utaendelea kukaa ardhini mwaka mzima zaidi. Ukame ukija hupukutisha majani, hutulia, na mvua ikirudi huchipua tena. Ardhi ndiyo ghala lake. Ila mara tu unapoung'oa, saa ya kwanza inaanza kuhesabu.

Saa ya kwanza: inayokuharakisha

Nakuomba ufanye jaribio dogo. Nunua muhogo sokoni, umuulize mama anayeuza aliung'oa lini. Nyumbani ukate kwa upana, vipande vya unene wa kidole gumba, uviweke kwenye sahani juu ya meza. Leo vitakuwa vyeupe kama chaki. Kesho viangalie karibu na ganda: utaona vijistari vyembamba vya rangi ya bluu iliyofifia, vimejipanga kwa duara. Kesho kutwa vijistari vitakuwa vimekolea na kugeuka kahawia. Ukichemsha kipande hicho hakiivi vizuri, na kina ladha ya ukakasi.

Ulichokiona huitwa uharibikaji wa kifiziolojia, maana yake ni uharibifu unaotokana na uhai wa mzizi wenyewe. Vijidudu havijafika bado. Mzizi umejeruhiwa ulipong'olewa, oksijeni ya hewa imeingia kwenye kidonda, na seli zinapojaribu kujikinga zinatengeneza kemikali zinazobadilisha rangi na ladha. Yote haya hutokea kati ya saa 24 na 72 tangu mzizi utoke ardhini. Siku chache baadaye ndipo kuvu na bakteria huja kumalizia.

Zipo njia za kurefusha muda huo. Wanaosafirisha muhogo kutoka Amerika ya Kusini huupaka nta. Wengine huufukia katika vumbi la mbao lenye unyevu. Njia hizo hufaa kwa mizizi ya kula mezani. Kwa kiwanda kinachotaka tani kila siku, dawa ni moja: mzizi ufike kwenye mashine kabla ya saa 24.

Na hapa ndipo wewe wa Nyeri unapoanza kuwa mwenyeji wa somo hili. Chai inayochumwa Othaya asubuhi inapaswa kufika kwenye kituo cha kununulia majani, ipimwe, ipakiwe, na iingie kiwandani siku hiyo hiyo. Kahawa nyekundu humenywa jioni ya siku ilipochumwa, la sivyo inachacha na kushuka daraja. Maziwa yakichelewa kufika kwenye kipozeo yanarudishwa. Mpangilio wa vituo vya kununulia, vyama vya ushirika, mizani, barabara za mashambani na malori yenye ratiba umejengwa hapa kwa vizazi, na Halmashauri ya Maendeleo ya Chai iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo tangu mwaka 2000 ni kampuni, ni mfano unaotajwa mbali sana na Kenya. Watu wa mlima huu tayari wanajua kulima mazao ya saa. Wanachokosa ni kuutazama muhogo kwa jicho hilo hilo.

Saa ya pili: inayokutaka usubiri

Sasa tuingie kwenye jambo linalowatisha wengi: sumu. Ndiyo, muhogo una kitu kinachoweza kutoa sumu, na hupaswi kuogopa kukijua, kwa sababu ukikijua unakimudu.

Ndani ya seli za muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini. Ni sukari iliyofungamana na sianidi. Ikiwa imefungwa hivyo imetulia. Katika kuta za seli hizo hizo, lakini mahali tofauti, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemikali. Viwili hivi vinaishi nyumba moja, vyumba mbalimbali, na mlango umefungwa. Mnyama akitafuna mzizi, seli zinapasuka, vinakutana, na kinachozaliwa hatimaye ni hidrojeni sianidi, gesi yenye sumu. Hiyo ndiyo silaha ya mmea.

Uzuri ni kwamba silaha hiyo inaweza kulipuliwa mapema, kabla hujala. Ukikwaruza muhogo kwa kile kibati chenye matundu tunachokwaruzia karoti, unapasua seli kwa maelfu. Linamarini na linamarasi hukutana, gesi hutoka, na ukisubiri, kisha ukakamua maji na kukausha, sehemu kubwa ya sumu imekwenda zake hewani na majini. Kiwango cha kimataifa cha Codex, mkusanyiko wa viwango vya chakula vinavyokubaliwa na mataifa, kinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo.

Wanafunzi huniuliza: mbona sisi huuchemsha tu na hatudhuriki? Jibu liko kwenye aina. Kuna muhogo mtamu, wenye linamarini kidogo, na kuna mchungu, wenye nyingi. Huo tunaouchemsha Karatina ni mtamu. Kuumenya na kuuchemsha kunatosha. Muhogo mchungu ukiuchemsha vipande vikubwa, joto huua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na sumu hubaki. Mchungu lazima ukwaruzwe au ulowekwe kwa siku kadhaa. Wakulima wengi huupenda kwa kuwa nguruwe-mwitu na wezi huuogopa.

Kusubiri kukikatizwa, watu huumia. Kuna ugonjwa uitwao konzo, jina lililotoka Kongo, unaopoozesha miguu ghafla bila kupona. Umeripotiwa Kongo, Msumbiji na Tanzania, hasa vijijini ambako njaa au vita viliwalazimu watu kufupisha kuloweka na kukausha, huku wakikosa protini ya kuusaidia mwili kuiondoa sumu.

Umeziona saa zote mbili. Ya kwanza inasema fanya upesi mzizi usioze. Ya pili inasema subiri sumu itoke. Wahenga wa Kongo na wa pwani yetu walizipatanisha kwa kuloweka na kuanika. Kiwanda huzipatanisha kwa kukwaruza: kadiri seli zinavyopasuliwa vizuri, ndivyo saa ya pili inavyokwenda kasi, hadi inaingia ndani ya muda wa saa ya kwanza. Ukielewa sentensi hiyo umeelewa kwa nini mashine ya kukwaruza ndiyo moyo wa kila kiwanda cha muhogo, kikubwa au kidogo.

Mbegu safi na hadithi ya Amani

Kiwanda hakina maana bila shamba lenye afya. Magonjwa mawili ya virusi ndiyo maadui wakuu. La kwanza huitwa batobato: majani hukunjamana na kuwa na mabaka ya manjano, na mizizi hudumaa. La pili huitwa michirizi ya kahawia, na ndilo baya zaidi kwa mwenye kiwanda, kwa sababu majani yanaweza kuonekana mazima huku ndani mzizi umeoza na kuwa mgumu kama kizibo. Unagundua ukishaukata, na umeshalipa. Magonjwa yote mawili hubebwa na nzi weupe, wale wadogo ambao wakulima wa nyanya wa Mwea wanawajua vizuri, na pia husafiri ndani ya pingili.

Afrika Mashariki ina sehemu ya heshima katika vita hivi, na ningependa uijue. Batobato ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, wataalamu Storey na Nichols walianza kuupandisha muhogo na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira uitwao *Manihot glaziovii*. Mpira ulikuwa na ukinzani, yaani uwezo wa kupambana na ugonjwa, lakini hauna mizizi ya kula. Walipandisha kizazi baada ya kizazi hadi wakapata mahuluti yenye sifa zote mbili. Ni Storey huyo huyo aliyeieleza michirizi ya kahawia mwaka 1936. Uzao wa Amani ulipelekwa Nigeria, ambako aina moja iliyotokana nao ilipewa namba 58308, na baadaye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, huko Ibadan ikaitumia kuzalisha aina kinzani. Batobato kali ilipoteketeza mashamba ya Uganda na kuvuka hadi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, aina zenye damu ya Amani zilikuwa miongoni mwa zilizookoa chakula cha watu.

Somo la vitendo ni hili: usianze na mbegu ya kuokota. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lina kituo Embu, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na kituo chake cha Mtwapa huko pwani ndicho kilichotoa aina kama Karembo, Tajirika na Shibe. Aina ya pwani haina hakika ya kufanya vizuri hapa, kwa hiyo uliza kwanza, panda kidogo, uangalie, ndipo upanue.

Ngazi ya mlima

Sasa turudi kwenye swali lako la kwanza, na nitalijibu bila kukuficha. Muhogo ni mmea wa joto. Hupenda nchi iliyo chini ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Juu zaidi unaota, lakini unajikokota. Unaweza kuchukua mwaka na nusu au zaidi kukomaa. Mji wa Nyeri uko kama mita 1,750. Nanyuki iko juu zaidi. Joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kwa muhogo nyuzi tatu au nne ni tofauti ya miezi.

Kwa hiyo utazame mlima kama ngazi. Juu kabisa, msitu. Kisha chai. Kisha kahawa. Ukiendelea kuteremka unafika nchi ya maembe, pojo na ng'ombe: Mbeere katika kaunti ya Embu (pande za Kiritiri, Siakago na Ishiara), Tharaka, sehemu za chini za Kirinyaga, Murang'a na Meru, na kwa Nyeri yenyewe, mabonde ya chini ya Mukurweini. Hapo mvua ni haba, mahindi hushindwa mara kwa mara, na muhogo umo nyumbani kwake.

Nyeri basi ina kazi gani? Ina kazi ya vidato vya juu. Ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na Karatina, Embu, Chuka na Meru nazo zina vyuo vikuu vyao. Ina mafundi wa jua kali wanaotengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe, na fundi huyo anaweza kuunda mashine ya kukwaruza muhogo. Ina soko la Karatina. Ina watu wanaojua vitabu vya ushirika. Muhogo ukioteshwa Mbeere, mashine zake zinaweza kuzaliwa Nyeri, na hakuna upande utakaofanikiwa peke yake.

Ndani ya kiwanda

Jaribio la pili. Menya muhogo, ukwaruze, uuchanganye na maji, uchuje kwa kitambaa safi ndani ya bakuli. Acha bakuli litulie saa tatu. Mwaga maji ya juu polepole. Chini utakuta tabaka jeupe, zito, laini. Likaushe juani, kisha lisugue kati ya vidole: linalia kama theluji ya jokofu ikibanwa. Huo ndio wanga, chakula ambacho mmea umejiwekea akiba. Ukiupika kidogo kwa maji, unapata uji mng'avu unaovutika.

Wanga wa mimea yote umetengenezwa kwa nyuzi za aina mbili: amilosi, iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi. Katika muhogo karibu sehemu moja kwa tano ni amilosi na nyingine yote ni amilopektini. Ndiyo sababu uji wake ni mng'avu na wenye kunata, na ndiyo sababu viwanda vya katoni, karatasi, nguo, vidonge vya dawa na glukosi huutaka.

Kutoka mzizi mmoja, basi, kuna njia kadhaa. Ukikwaruza, ukakamua, ukakausha upesi na kusaga, unapata unga bora wa muhogo: mweupe, usio na harufu ya kuchacha. Kwa kawaida kilo nne za mizizi hutoa kilo moja ya unga. Ukichuja kwa maji, unapata wanga. Maganda na makapi, yakikwaruzwa na kukaushwa vizuri, huwa chakula cha mifugo, na katika nchi ya ng'ombe wa maziwa kama hii hilo si jambo dogo.

Kausha vizuri. Unga wa muhogo unapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13. Wakenya tunajua gharama ya kulipuuza hilo: mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 mashariki mwa nchi. Muhogo ulioanikwa ovyo siku za mvua huota kuvu pia. Tafadhali usidanganywe na mtu anayekuambia kwamba jua linatosha mwaka mzima. Mwezi wa Aprili mawingu ya mlima huu hayampi mtu jua la kukaushia.

Na mkate? Unga wa ngano una gluteni, protini inayonyumbuka na kushika hewa mkate uumuke. Muhogo hauna. Ndiyo maana huwezi kuoka mkate wa kawaida kwa muhogo mtupu, ila unaweza kuchanganya sehemu moja kwa kumi na mlaji asione tofauti kubwa.

Kutoka kiwanda hadi taifa

Nigeria ilijaribu njia hiyo ya kuchanganya unga. Rais Obasanjo alizindua mpango wa taifa wa muhogo mwaka 2002, na baadaye serikali ikaagiza unga wa mkate uchanganywe na asilimia 10 ya muhogo. Mizizi ilikuwepo tele. Utekelezaji ulisuasua, kwa kuwa wenye vinu hawakupata unga wa ubora ule ule, wiki baada ya wiki. Amri ya serikali hufungua mlango wa soko, lakini haiwezi kukausha unga.

Msumbiji walianza upande wa pili. Mwaka 2011 bia ya muhogo iitwayo Impala iliingia sokoni. Mashine ya kukwaruza na kukamua ilipakiwa kwenye lori, ikawa inaifuata mizizi shamba kwa shamba. Fikiria maana yake. Karibu theluthi mbili ya mzizi ni maji. Lori la tani 10 linalotoka Ishiara na mizizi mibichi limebeba zaidi ya tani sita za maji, huku saa ikihesabu. Ukikamua huko huko shambani, unasafirisha kitu kinachodumu.

Sasa hesabu, na usiiogope. Tuchukue kiwanda cha kiasi, kinachotumia tani 10 za mizizi kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hizo ni tani 2,500. Tukikadiria mavuno ya tani nne kwa ekari, kinahitaji ekari 625 za kuvunwa kila mwaka. Kila mkulima akitoa nusu ekari, ni wakulima 1,250, na kila mmoja lazima ajue wiki yake ya kuvuna. Muhogo ukichukua miezi 18 kukomaa, ardhi inayotakiwa inapita ekari 900. Mavuno yakifika tani nane, ardhi inapungua nusu.

Na mbegu? Ekari 625 zinataka pingili milioni mbili na nusu. Ukianza na ekari moja safi, kwa ile hesabu ya kumi, mwaka wa kwanza inakupa mbegu ya ekari 10, wa pili 100, wa tatu 1,000. Maana yake ni kwamba kitalu cha mbegu kinatangulia kiwanda kwa zaidi ya miaka mitatu. Miradi mingi huanza kwa kununua mashine na kukata utepe, kisha mashine hukaa bila mizizi. Anza na pingili.

Na kabla ya pingili, mnunuzi. Hapa Karatina tuna funzo letu wenyewe. Wakati ule ule wa Ng'aragu ya Mianga, palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga, na wakulima wa Nyeri walikilisha viazi na mboga kwa ajili ya jeshi la Uingereza. Walionyesha kwamba wanaweza kulilisha dude la kiwanda kila siku. Vita vilipoisha, mnunuzi akaondoka, na kiwanda kikafungwa. Siasa za ukoloni zilikuwa na sehemu yake, lakini kwa anayejenga leo funzo liko wazi: kiwanda chenye mnunuzi mmoja kina roho moja. Muhogo una bahati ya kuwa na milango mingi, unga, wanga, chakula cha mifugo, mizizi ya mezani, na tasnia ya taifa inapaswa kuifungua yote.

Tangu mwaka 2013 kilimo ni jukumu la kaunti zetu. Nyeri, Embu, Kirinyaga, Tharaka-Nithi na Meru zikipanga kila moja peke yake, kila moja itajenga jengo na kukosa mizizi. Zikipanga pamoja, kwa ngazi ya mlima, zina kila kinachotakiwa: joto la chini, maarifa ya juu, na barabara katikati.

Ndugu msomaji, umeshapata msingi. Mengine yote, uhandisi wa vikaushio, uzalishaji wa mbegu, mikataba ya wakulima, yanajengwa juu ya saa zile mbili. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufanye kazi moja. Nenda kwenye shamba lolote la muhogo siku ya kuvuna, simama kando ya mzizi wa kwanza unapotoka ardhini, uandike saa. Kisha ufuate mzizi huo hadi utakapomenywa, uandike saa tena. Ikiwa zimepita zaidi ya 24, umekwisha kuigundua kazi inayokungoja.